Jean-Martin Charcot: daktari aliyewatofautisha watu wanaotetemeka

Kila tunapofungua laini za simu katika kipindi cha afya ya wazee, swali moja halikosi. Babu anatetemeka mkono. Hanywi pombe, hana homa, malaria imepimwa na haikuonekana. Nyumbani wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema ni uzee tu, acheni kumsumbua. Anayepiga anataka tumwambie ni kipi.

Redio haipimi mgonjwa, na hilo tumelisema mara nyingi. Lakini tunaweza kuwaeleza wasikilizaji wetu habari za mtu aliyewafanya madaktari waanze kulijibu swali hilo sawasawa. Aliitwa Jean-Martin Charcot, na Wafaransa hulitamka jina hilo kama Sharko. Daktari yeyote leo anayemwambia mgonjwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, awe Dar es Salaam au Kampala, anatumia jina ambalo Charcot ndiye aliyelisukuma mpaka likakubalika duniani. Na hospitali zinazofundisha madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu zinafuata, kwa sehemu kubwa, mpango ambao yeye aliuanzisha.

Mtoto wa fundi

Charcot alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 29 Novemba 1825. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi, kazi ya mikono yenye heshima lakini isiyoleta utajiri. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alikuwa na watoto wa kiume kadhaa na hakuwa na uwezo wa kuwasomesha wote hadi juu. Akasema atakayefanya vizuri zaidi darasani ndiye atakayeendelea. Jean-Martin akawa ndiye. Wazazi wengi wanaotusoma wanaijua hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Alikuwa kijana mkimya, mwenye haya, anayependa kuchora. Aliwahi kufikiria kuifanya sanaa kazi yake, kisha akachagua udaktari, lakini kalamu ya kuchorea haikumtoka mkononi hadi mwisho wa maisha. Kumbukeni jambo hili, maana litarudi. Mtu anayechora huzoea kutazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kusema ni nini.

Mwaka 1848 alipata nafasi ya daktari mwanafunzi katika hospitali za Paris, nafasi iliyogombewa kwa mtihani mkali. Mwaka 1853 alimaliza shahada ya udaktari kwa tasnifu iliyotofautisha jongo na baridi yabisi sugu, magonjwa mawili ya viungo yaliyokuwa yakichanganywa. Hapo tayari tunaiona kazi ya maisha yake: kuchukua watu wanaoonekana kuugua kitu kimoja, na kuonyesha kwamba wanaugua vitu viwili.

Kupanda ngazi hakukuwa rahisi. Ili kufundisha katika kitivo cha udaktari ilibidi kushinda shindano la hadhara mbele ya jopo la maprofesa. Mwaka 1857 Charcot alijaribu akashindwa. Alirudi mwaka 1860 akafaulu, lakini si bila ya wakubwa wa kumshika mkono. Mambo ya vyuo vikuu yalikuwa hivyo, na pengine hayajabadilika sana.

Mji wa wanawake waliosahauliwa

Mwaka 1862 aliteuliwa kuwa daktari katika hospitali ya Salpêtrière, kusini mashariki mwa Paris. Tunaomba tukae hapa kidogo, kwa sababu bila kulielewa jengo hili humwelewi Charcot.

Salpêtrière ilianza kama mahali pa kutengenezea baruti. Jina lenyewe linatokana na shura, ile chumvi inayotiwa ndani ya baruti. Mwaka 1656 Mfalme Louis wa 14 aliamuru igeuzwe kuwa mahali pa kuwakusanyia maskini wa mji. Waliwekwa humo vikongwe wasio na ndugu, wenye kifafa, waliopooza, waliorukwa na akili, makahaba na ombaomba, na karibu wote walikuwa wanawake. Wakati Charcot anafika, kulikuwa na wanawake wapatao 5,000. Ulikuwa mji ndani ya mji. Wengi waliingia na hawakutoka tena mpaka wanabebwa.

Daktari mwenye tamaa ya jina hakupenda kupelekwa huko. Wagonjwa wa kupona walikuwa wachache, na hakuna tajiri angekuja kutibiwa katika makazi ya fukara. Charcot aliliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Maelfu ya watu wenye magonjwa ya muda mrefu walikuwa wamelala mahali pamoja, na hakuna aliyekuwa ameandika vizuri ni nani anaumwa nini.

Akiwa na rafiki yake, Dkt. Alfred Vulpian, alianza na kazi tunayoweza kuiita ya karani. Walipita wadi kwa wadi. Kila mwanamke aliulizwa ametoka wapi, ugonjwa ulianza lini, ulianzia mkono upi au mguu upi, nani mwingine katika ukoo alikuwa nao. Wakampima, wakaandika, wakaweka faili. Mwezi au mwaka ukipita wakarudi kwa mwanamke yuleyule na kuongeza yaliyobadilika. Walikusanya mwandiko wa wagonjwa, maana mkono unaougua huandika kwa namna yake. Walitumia chombo cha kupimia mapigo ya damu ili kuchora mtetemo wa mkono kwenye karatasi, mistari juu na chini. Baadaye Charcot akaleta wapiga picha na kujenga studio ndani ya hospitali, jambo geni kabisa wakati huo.

Na mgonjwa alipofariki, faili halikufungwa. Mwili ulipasuliwa, ubongo na uti wa mgongo vikatazamwa kwa hadubini, na kilichoonekana kikaandikwa kwenye faili lilelile. Hapo ndipo ungeweza kusema kwamba mkono uliokuwa ukitetemeka hivi kwa miaka kumi, chanzo chake ni kovu hili mahali hapa. Madaktari wengine walikuwa wakipasua maiti kabla yake. Kilichokuwa kipya ni kumfuatilia mtu mmoja kwa maandishi tangu akiwa kitandani hadi chini ya hadubini, na kufanya hivyo kwa mamia ya watu. Leo kazi ya kukusanya, kupanga na kutafuta habari za wagonjwa ina wataalamu wake na kompyuta zake. Charcot alikuwa na wino, karatasi na makabati.

Hatuwezi kulipita hili bila kusema upande wake wa pili. Wanawake hawa hawakuombwa ruhusa. Walikuwa maskini, hawakuwa na pa kwenda, na daktari aliyewatazama kwa makini hivyo alijua kwamba siku moja atawapasua. Charcot mwenyewe aliizungumzia hospitali yake kama hazina ya magonjwa yaliyo hai. Elimu iliyopatikana imesaidia watu wengi mno. Lakini walioilipia ni wao, na majina ya wengi wao hayatajwi popote isipokuwa kwenye mafaili hayo.

Njia ya kwenda kumtafuta mgonjwa badala ya kumngoja imefika hadi kwetu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 160,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba huo ndio ugonjwa wao.

Mkono uliotulia na mkono unaoinua kikombe

Sasa turudi kwenye kutetemeka.

Mwaka 1817, daktari wa London aliyeitwa James Parkinson alichapisha kijitabu kuhusu watu sita wenye ugonjwa wa kutetemeka. Baadhi yao hakuwahi hata kuwapima, aliwaona tu barabarani wakitembea. Alieleza vizuri sana mtetemo wao, migongo iliyoinama mbele na hatua za harakaharaka kama mtu anayeisukuma njia. Kijitabu hicho hakikusomwa na wengi. Miaka 40 baadaye madaktari bado waliwaweka wote wanaotetemeka kwenye kapu moja.

Charcot aliwatoa kwenye kapu hilo. Aliwaketisha wanawake wawili mbele ya wanafunzi. Wa kwanza ameweka mikono mapajani, imetulia, na bado vidole vinatembea vyenyewe, kidole gumba kikisugua vingine kama mtu anayesokota uzi. Mwambie achukue kikombe, na mtetemo unapungua. Wa pili ni kinyume chake. Akikaa kimya hatetemeki hata kidogo. Mpe kikombe cha maji, na kadiri kinavyokaribia mdomo ndivyo mkono unavyorukaruka mpaka maji yanamwagika kifuani. Huyu wa pili, Charcot alisema, ana ugonjwa mwingine kabisa, unaoacha makovu magumu yaliyotawanyika katika ubongo na uti wa mgongo. Ugonjwa huo ndio unaoitwa leo maltipo sklerosisi, na mihadhara aliyoitoa mwaka 1868 ndiyo iliyoufanya ujulikane kama ugonjwa unaojitegemea.

Ukumbi ulikuwa mkubwa na waliokaa nyuma hawakuona vidole. Kwa hiyo alikuwa akiwavisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ya ndege. Kichwa kikitikisika kidogo tu, ncha ya unyoya inapeperuka, na kila mtu anaona tofauti ya mtikisiko wa huyu na wa yule. Ni mbinu rahisi sana. Tunakiri pia kwamba tukimfikiria bibi aliyevishwa manyoya ili atazamwe na ukumbi mzima, hatufurahi.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa kuhusu uvumilivu wake. Alimwajiri nyumbani kwake mtumishi wa kike mwenye mtetemo ambao alitaka kuufuatilia. Mwanamke huyo alivunja sahani nyingi, nyumba ikaingia hasara, na Charcot hakumfukuza. Alimtazama kwa miaka mpaka akashindwa kazi, na alipofariki mwili wake ulichunguzwa. Makovu yalikuwepo.

Kuhusu ugonjwa wa wale wenye mikono inayotetemeka ikiwa imetulia, Charcot aliongeza mambo ambayo James Parkinson hakuyaona. Alisema si lazima mgonjwa atetemeke. Wapo wasiotetemeka kabisa lakini wamekakamaa na kila tendo linawachukua muda, kufunga kifungo, kugeuka kitandani, kuinuka kwenye kiti. Akatofautisha pia ukakamavu na ule uzito wa mwendo: mtu anaweza kuwa na viungo visivyo vigumu sana na bado akawa mzito wa kuanza kutembea. Na nguvu zenyewe hazipotei kama kwa aliyepooza. Kwa sababu hiyo aliona jina la zamani, lililohusu kupooza na kutetemeka, linapotosha, akapendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Mwingereza yule aliyeusahaulisha muda. Ndipo ukawa ugonjwa wa Parkinson.

Mwaka 1889, akiwa safarini Morocco, alichora kwenye kijitabu chake mtu aliyemwona huko: mgongo umeinama, mikono imekunjwa, umbo lilelile la Paris. Hilo lina maana kwetu. Ugonjwa huu haujawahi kuwa wa Wazungu peke yao, na wala hautumwi na jirani.

Dawa, kiti na upupu

Katika kutibu, Charcot hakuwa na mengi. Aliwapa wagonjwa dawa zilizotokana na mimea ya jamii ya beladona, ambazo zilipunguza kidogo mtetemo na mate. Wagonjwa kadhaa walimwambia kwamba baada ya safari ndefu ya treni au gari la farasi walijisikia nafuu. Angeweza kulipuuza hilo. Yeye aliagiza kiti kinachotikisika kwa mashine, na mwaka 1892 akakieleza mbele ya wanafunzi. Miaka ya karibuni watafiti walikijaribu tena kiti cha namna hiyo. Waliokalia kiti kinachotikisika walipata nafuu kidogo, lakini na waliokalia kiti kilichotulia wakisikiliza sauti za kupumzisha walipata vilevile.

Dawa yenye nguvu, levodopa, ilikuja katika miaka ya 1960, muda mrefu baada ya yeye kufa, na hadi leo ndiyo dawa kuu. Wengine wenu mtashangaa kusikia kwamba levodopa imo pia ndani ya mbegu za upupu, mmea uleule unaowawasha watoto wanaochunga. Wanasayansi wanauchunguza kwa sababu hiyo. Tafadhali msikimbilie porini: kipimo kikizidi kinaleta kichefuchefu, kushuka kwa presha na kuona vitu visivyokuwepo, na hakuna anayejua kwa macho mbegu moja ina kiasi gani. Mpelekeni mzee hospitali.

Jina la Charcot mwenyewe limebaki kwenye magonjwa mengine. Mwaka 1869, pamoja na Alix Joffroy, alieleza ugonjwa unaokula neva zinazoendesha misuli, mtu akadhoofika mikono, kisha ulimi, kisha pumzi. Wafaransa wanauita ugonjwa wa Charcot mpaka leo. Vifundo vya miguu vinavyoharibika bila maumivu kwa sababu neva zimekufa, jambo wanalolijua wanaouguza wagonjwa wa kisukari, navyo hubeba jina lake.

Profesa na watoto wake wa shule

Mwaka 1872 alikuwa profesa wa elimu ya mabadiliko ya mwili yaletwayo na magonjwa. Mwaka 1882 serikali ya Ufaransa ilianzisha kwa ajili yake nafasi ya uprofesa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Wanasiasa wakubwa walimsaidia, akiwemo Léon Gambetta. Pamoja na nafasi hiyo zilikuja maabara, studio ya picha, jumba la makumbusho la viungo na kliniki ya wagonjwa wa nje, ambayo iliwaleta hata wanaume kwenye hospitali ya wanawake.

Mtu aliyetaka kuwa bingwa wa mishipa ya fahamu sasa alikuwa na mahali pa kwenda. Ijumaa Charcot alitoa mhadhara alioutayarisha kwa uangalifu, wenye michoro ya chaki za rangi na picha zilizoonyeshwa ukutani kwa taa. Jumanne aliletewa wagonjwa ambao hakuwa amewaona kabla, akawauliza na kufikiri kwa sauti mbele ya watu. Ofisini mwake ilikuwa vingine. Mgonjwa aliingia, akavuliwa nguo, na Charcot akakaa kimya muda mrefu akimtazama, vidole vikigonga meza. Aliuliza maswali machache. Aliagiza aletwe mgonjwa wa pili mwenye dalili zinazofanana, awalinganishe, kisha mara nyingi akaondoka bila kueleza. Waliokuwepo walijifunza kwa kutazama alipotazama.

Wanafunzi wake wakawa orodha ndefu ya majina yaliyomo kwenye vitabu: Pierre Marie, Joseph Babinski, Désiré Bourneville, Georges Gilles de la Tourette aliyeeleza mwaka 1885 ugonjwa wa mtu kurukaruka viungo na kutoa sauti bila kutaka. Kutoka Urusi alikuja Bekhterev. Kutoka Vienna, Oktoba 1885, alikuja daktari kijana wa miaka 29 aliyekuwa na ruzuku ndogo ya masomo, Sigmund Freud. Alikuja kuchunguza ubongo kwa hadubini, akaondoka Februari iliyofuata akiwaza mambo ya nafsi. Alitafsiri mihadhara ya Charcot kwa Kijerumani, na mwanawe wa kwanza wa kiume akampa jina la Jean Martin.

Kuwa chini ya mtu mkubwa kuna faida na kuna gharama. Charcot alikuwa mkali, asiyependa kupingwa, na ilisemwa kwamba vyeo vingi katika kitivo havikutolewa bila yeye kuridhia. Mwanafunzi wake wa zamani, Charles Bouchard, alipopata nguvu zake mwenyewe wakawa mahasimu. Mwaka 1892 Bouchard aliongoza jopo la lile shindano la ualimu, na Babinski, kipenzi cha Charcot, akaangushwa. Hakuwa profesa wa chuo kikuu maishani mwake. Alikwenda kufanya kazi hospitali ya jirani, na mwaka 1896 akaeleza kwamba ukimkwaruza mtu mzima unyayo na kidole gumba kikainuka juu badala ya kukunja chini, kuna hitilafu kwenye ubongo au uti wa mgongo. Hata daktari wa zahanati asiyekuwa na mashine yoyote anaweza kulipima hilo kwa ufunguo. Waliomshinda siku ile hawakumbukwi na wengi.

Alipoteleza

Sehemu iliyomletea Charcot umaarufu mkubwa kwa watu wa kawaida ndiyo iliyomharibia sifa kwa wataalamu. Ni histeria: wanawake waliozimia, kujinyonga mwili, kupooza mkono au kupoteza sauti bila kidonda chochote kuonekana. Sisi huku tunaliona jambo linalofanana shuleni, wasichana wanapoanguka mmoja baada ya mwingine na watu wakasema ni mapepo. Wazee wa Kagera wanakumbuka Kashasha, mwaka 1962, wasichana walipocheka na kulia kwa siku nyingi mpaka shule ikafungwa.

Charcot alikuwa sahihi kwa mambo mawili. Alisema wanawake hawa hawaigizi wala hawana mashetani, wanaumwa. Na alisema ugonjwa huo si wa tumbo la uzazi kama ilivyoaminiwa tangu zamani, kwa kuwa hata wanaume, mafundi na wafanyakazi wa reli wenye miili ya nguvu, waliupata. Lakini aliamini una sheria na hatua zisizobadilika, na kwamba ni wenye histeria pekee wanaoweza kulazwa usingizi kwa maneno ya mganga. Aliwaleta jukwaani, akawalaza usingizi, wakafanya hatua zilezile kila mara mbele ya waandishi, wasanii na mabwana wakubwa. Daktari wa mji wa Nancy, Hippolyte Bernheim, alipinga. Alisema hata mtu mzima wa afya anaweza kulazwa hivyo, na kwamba wagonjwa wa Salpêtrière walifanya kile walichojua kinatarajiwa. Bernheim alikuwa na haki zaidi. Mtu aliyetazama kila kitu kwa makini hakuona kwamba wanaotazamwa nao walikuwa wakimtazama yeye.

Msichana aliyejulikana kama Augustine, aliyepigwa picha nyingi kuliko wengine, alichoka. Mwaka 1880 alitoroka hospitalini akiwa amevaa nguo za kiume. Blanche Wittmann, anayeonekana ameanguka mikononi mwa Babinski katika mchoro maarufu wa Brouillet wa mwaka 1887, alibaki. Inaelezwa kwamba baada ya Charcot kufa hakuanguka tena. Aliajiriwa kwenye maabara ya hospitali hiyohiyo, baadaye kwenye eksirei, na mionzi ikamgharimu viungo vyake.

Nyumbani na mwisho

Mwaka 1864 alimwoa mjane tajiri, Augustine Durvis, aliyekuwa na binti, wakapata watoto wengine wawili. Nyumba yao ya Boulevard Saint-Germain ilipokea mawaziri, waandishi na hata Mfalme Pedro wa 2 wa Brazil. Bwana huyu aliyeogopwa na madaktari wa Paris alipenda sana wanyama. Alichukia uwindaji, alifuga mbwa, na alikuwa na tumbili wa kike aliyeruhusiwa kufanya fujo mezani. Mwanawe Jean-Baptiste alisoma udaktari kama baba alivyotaka, kisha akauacha akawa mpelelezi wa bahari za barafu. Alizama na meli yake karibu na Iceland mwaka 1936.

Moyo wa Charcot ulikuwa umeanza kumsumbua. Agosti 1893 alikwenda na wenzake mapumzikoni katika milima ya Morvan, na tarehe 16 alifariki ghafla baada ya mapafu kujaa maji. Alikuwa na miaka 67. Katibu wake wa mwisho alieleza baadaye kwamba mzee alikuwa amekiri mafundisho yake ya histeria yanahitaji kuandikwa upya.

Jambo moja alilitafuta maisha yake yote bila kulipata: kovu la ugonjwa wa Parkinson liko wapi ndani ya ubongo. Alipasua, akatazama, hakuona kitu cha kutosheleza. Mwaka 1919, daktari kijana wa Kirusi, Konstantin Tretiakoff, akifanya kazi Salpêtrière, alionyesha kwamba ni sehemu ndogo nyeusi iliyo juu katika shina la ubongo, ambayo kwa wagonjwa hawa hupoteza rangi yake.

Vitabu na karatasi za Charcot vilitolewa na mwanawe kwa hospitali mwaka 1907. Sehemu ya karatasi hizo sasa zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti na chuo kikuu cha Sorbonne, zikiwemo kumbukumbu za wagonjwa zilizoandikwa kwa mkono. Simu unayosomea makala haya inaweza kuzifungua. Zimeandikwa kwa Kifaransa, wino umefifia, na pembeni mwa baadhi ya kurasa kuna michoro ya kalamu: mkono, uso, mgongo ulioinama.